Jina Nililoliandika Bila Kuuliza

Esta alinipigia simu asubuhi kuniambia kwamba mume wake, Elieza, amefariki, na kwamba mazishi ni kesho yake nyumbani kwao Makutupora. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyarudia maneno hayo kwa watu wengi, kisha akaniuliza kama nitakuja au nitatuma rambirambi. Nikamwambia nitakuja. Nilipokata simu nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, nikaosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi tayari. Nina miaka arobaini na tisa na bado mwili wangu haujajifunza kutulia; majirani zangu hapa Ihumwa wamezoea kuniona nikizunguka uani na simu sikioni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Lakini asubuhi ile haikuwa hulka tu. Kulikuwa na jambo moja nililopaswa kulisema nikiwa na miaka ishirini na mitatu, lililomhusu mama yake Esta na jina lake, nami sikulisema. Mama huyo tulishamzika, au niseme walishamzika, maana mimi sikwenda. Sasa na Elieza naye amekwenda. Waliostahili kulisikia walikuwa wanakwisha, na mimi nilikuwa bado naosha vikombe.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alifanya kazi gani, hayo hayahusiki. Inatosha kusema kwamba mimi ni Mgogo, kwamba mwaka ule nilikuwa na stashahada mpya isiyokauka wino, na kwamba nilikuwa nasubiri barua ya chuo Dar es Salaam kwa hamu iliyonikosesha usingizi. Ili nisikae bure nilichukua kazi ya mtafiti msaidizi katika hospitali moja hapa Dodoma, kwenye utafiti wa watu walioumia uti wa mgongo. Chumba chetu kilikuwa zamani stoo ya mablanketi. Kilikuwa na meza moja, viti viwili, kabati la chuma lisilofungika, na dirisha lililotazama uwanja wa nyuma ambako ndugu wa wagonjwa walipikia. Kutwa moshi wa kuni uliingia, na harufu ya mlenda, na maneno yao yote. Aliyetuongoza alikuwa Dakta Chilewa, mwanamke mfupi aliyesahihisha fomu zetu kwa kalamu nyekundu kana kwamba tuko darasa la tatu. Siku ya kwanza nilimuuliza, kwa kimbelembele cha ujana, ni lini tutaanza kuwajaribisha wagonjwa dawa ya kuunganisha neva zilizokatika. Alivua miwani akanitazama. "Hiyo wanaitafuta wenye maabara, na Mungu awasaidie waipate," alisema. "Sisi tunatafuta jambo dogo. Kwa nini mtu tunamwokoa hapa, halafu anakwenda kufia nyumbani?"

Jibu la swali lake lilikuwa linajulikana nusu. Mtu asiyehisi kuanzia kiunoni haumwi anapolala upande mmoja mno. Hajui kwamba nyama inakufa taratibu chini ya mifupa yake. Inabidi ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo anapata kidonda cha kulalia, na kidonda hicho ndicho kinachoua. Wodini manesi waligeuza. Tulichotaka kujua ni nini kinatokea baada ya lango la hospitali. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa na sehemu mbili: kuwapima wagonjwa na kuwafunza ndugu zao, kisha kuwafuata majumbani kila baada ya wiki mbili kwa mwaka mzima. Kupima kulihitaji pamba, pini, na karatasi yenye picha ya mtu, mbele na nyuma. Mgonjwa anafumba macho, unamgusa kuanzia shingoni ukishuka, naye anasema anahisi nini, nawe unachora mstari pale hisia zinapokomea. Kazi hiyo inataka subira, na mimi subira sikuwa nayo hata ya kusubiri chai ipoe.

Elieza alikuwa kitanda cha tano. Alikuwa mpakiaji wa zabibu, kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba mwenye mabega mapana. Msimu wa Machi alikuwa amekaa juu ya kreti kwenye lori, lori likaruka shimo, yeye akaangukia mgongo. Nilimpenda kwa sababu naye hakuweza kutulia. Mikono yake ilikuwa inatafuta kazi wakati wote: anasuka uzi wa blanketi, anagonga kitanda, anamtania muuguzi. Mwili wake aliugeuza barabara kuu ya kaskazini. Kichwa ni Arusha, kifua Babati, kitovu Kondoa, na miguu ni Dodoma. Nilipomgusa kwa pini alikuwa akisema, "Arusha habari ipo. Babati ipo. Kondoa... nasikia kwa mbali. Dodoma kimya, dada, jaribu kesho." Wodi nzima ilicheka, nami nilicheka nikachora mstari wangu kwenye kitovu, wiki baada ya wiki, palepale. Siku moja aliniuliza kwa sauti ndogo, bila mzaha, kama kuna mtu yeyote kwenye makaratasi yangu ambaye mstari wake umewahi kushuka. Nilimwambia wapo, na ilikuwa kweli, ila sikumwambia kwamba wao mstari wao ulianza kushuka mapema. Nikainuka haraka nikaenda kitanda cha sita.

Mke wake, Esta, alijifunza kumgeuza vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyemfundisha. Alikuwa mdogo wa umbo lakini alijua kutumia goti na shuka, na alimgeuza Elieza huku akimsimulia habari za nyumbani kana kwamba wanatembea njiani. Mchana tulikula pamoja wote watatu pembeni ya kitanda, ugali wa uwele na mlenda wa karanga alioupika nyuma ya dirisha langu. Elieza alikuwa akitugawia mboga kwa mbwembwe na kudai kwamba wapima watu kwa pini hawastahili tonge kubwa. Tatizo lilikuwa moja. Elieza asingeweza tena kupakia zabibu, kwa hiyo Esta angelazimika kwenda mashambani kutwa. Na sharti la utafiti, sharti ambalo Dakta Chilewa alilipigia mstari mara mbili, lilikuwa kwamba hatumruhusu mtu kwenda nyumbani mpaka awepo mlezi wa mchana aliyefunzwa na aliyekubali mwenyewe. Kaka yake Elieza, Yeremia, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Kizota na hakuweza kufunga karakana. Nyumbani Makutupora alibaki mtu mmoja tu, naye ni Mama Foibe, mama yake Esta, mjane aliyekuwa amehamia kwa binti yake.

Siku ya ruhusa ilikuwa Ijumaa na gari la hospitali lilikuwa linanguruma. Nilikuwa na fomu ya Elieza mapajani na mstari mmoja mtupu: jina la mlezi wa mchana. Barua yangu ya chuo ilikuwa imefika juzi yake, ikidai nipeleke barua ya sifa kutoka kwa mwajiri, na nilitaka Dakta Chilewa akute mafaili yangu yote yamejaa. Nikamuuliza Elieza nani atakuwa nyumbani mchana. "Mama yupo," alisema, kisha akatazama dari. "Lakini ni mkwe, dada Loyce. Wewe unajua." Nilijua. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kutokaribiana. Hawali sahani moja, hawashikani, na mama hawezi kuingia alikolala mkwe wake, sembuse kumshika kiuno. Hilo halikuwa jambo la kusoma kitabuni. Nimekulia ndani yake. Nikamwambia ugonjwa hauna ukwe. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitazungumza na mama mwenyewe hapo nje. Mama Foibe alikuwa amekaa chini ukutani, mbali na mlango wa wodi ili asimwone mkwe wake akibebwa, hatua arobaini kutoka nilipokaa, baadaye nilizihesabu. Dereva akapiga honi. Nikaandika jina lake, nikatia alama ya vema kwenye "amefunzwa" na alama ya vema kwenye "amekubali", nikapanda gari, kiti cha mbele. Nilidhani nitamwambia tukifika. Tulipofika kulikuwa na majirani, na shangwe, na kuku amechinjwa, na mimi nikala nikaondoka.

Chumba chao kilikuwa na kuta za matofali mabichi na dirisha dogo upande wa uani. Juu ya kitanda niliibandika ratiba ya kugeuza, na nilipokwenda baada ya wiki mbili nikaikuta imejaa vema, kila saa mbili, kwa kalamu ya Elieza mwenyewe. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa bado nainakili wakati ukuta ulipogongwa kutoka nje, mara tatu, kwa kitu kigumu kama mchi. "Baba, saa imefika," ilisema sauti ya Mama Foibe. Asubuhi kabla ya kwenda shamba Esta alikuwa akimwachia saa ya ukutani na kumwomba amkumbushe mkwe wake kujigeuza, na yeye alikumbusha kwa uaminifu wa mpiga kengele ya kanisa. Elieza akajivuta mabega kuelekea ukutani, mabega tu. Kiuno na miguu vikabaki vilevile. "Nimegeuka, mama," alijibu kwa adabu, akachora vema. Mama akashukuru, nikasikia nyayo zake zikirudi jikoni. Elieza alinitazama na kuweka kidole mdomoni huku akitabasamu. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu pia. Niliona ni kichekesho kizuri cha kwetu, watu wawili wanaheshimiana kupita ukuta. Nilipaswa kumfunua nimkague ngozi. Alisema Esta ameangalia asubuhi, na kumfunua mwanamume mkubwa mama mkwe wake akiwa nje kungetuaibisha sote, kwa hiyo nikakubali. Mama Foibe aliniletea ugali kizingitini, akauweka chini na kurudi nyuma, akaniambia, "Kula mwanangu, una safari." Nilikula nikiangalia saa yangu.

Nimewahi kujiuliza kwa nini Elieza hakusema. Nilimuuliza baadaye, naye akaniambia kwamba angesema hageuki, mkwe wake angelazimika kuchagua kati ya kuingia na kusimama pale nje akiteseka, na yeye hakutaka kumfanyia mzazi hivyo. Alidhani pia kwamba kugeuka nusu ni afadhali kuliko kutogeuka. Alidhani mimi nilikwisha kuzungumza na mama tukakubaliana kwamba atagonga ukuta. Kila mtu katika nyumba ile alikuwa na adabu na kila mtu alidhani mwenzake amepewa maelezo. Mwenye maelezo alikuwa mimi, na nilikuwa nimeyaacha kwenye gari.

Mwezi wa tisa niliingia chumbani nikasimama mlangoni kwa sababu ya harufu. Elieza alikuwa na homa na hakutania. Esta alikuwa ameona wekundu wiki iliyotangulia, akapaka mafuta, kisha wekundu ukafunguka. Kidonda juu ya mfupa wa makalio kilikuwa na upana wa kifuniko cha chupa, na ndani kilikwenda mbali kuliko nilivyotaka kuangalia. Tukamrudisha hospitali siku ileile. Kwa wiki tatu alilala kifudifudi, na kwa siku kadhaa za mwanzo Dakta Chilewa hakuniahidi kitu. Nilizunguka wodi ile hadi nesi mmoja akanifukuza. Kisha Dakta akaniita kwenye stoo yetu, fomu ya Elieza iko mezani, kidole chake kiko kwenye jina. Aliniuliza huyu mlezi aliyefunzwa na aliyekubali alikuwa wapi.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli. Nilikuwa nimeirudia kweli yote njiani kutoka Makutupora. Lakini barua ya sifa ilikuwa haijaandikwa, na mdomo wangu ulisema, "Alikataa, Dakta. Ni mama mkwe. Kwetu mkwe haingii alikolala mkwe wake." Dakta akafanya jambo ambalo sikulitazamia: akavua miwani na kusema kwamba hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Alisema fomu zetu zinauliza nani yuko nyumbani, haziulizi nani anaruhusiwa kumshika nani. Jioni ile aliongeza swali kwenye fomu kwa mkono wake, na kwenye kikao cha wiki akaniinua mbele ya wenzangu akanisifu kwa kuwa na macho ya mtu wa kwao. Wakapiga makofi. Nilikaa chini, na barua yangu ya sifa ilikuja baada ya siku mbili, nzuri kuliko nilivyostahili.

Neno "alikataa" halikubaki ofisini. Siku chache baadaye nilimsikia Yeremia kupitia dirishani, akiwaambia jamaa zake karibu na mafiga kwamba mama mkwe alikubali hospitalini akaandikwa jina, kisha alipofika nyumbani akakataa, akamwacha Elieza aoze huku yeye akigonga ukuta. Mmoja akasema wazee wa zamani wana roho ngumu. Esta alikuwa anasonga ugali palepale. Kwake nilisikia mwiko tu. Na mama mwenyewe alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, nje, mbali na mlango. Nilipopita alinisimamisha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza polepole, "Mwanangu, ni kweli jina langu limo kwenye karatasi?" Nikamwambia limo. Akafikiri. Akasema anachokumbuka ni kwamba siku ile ya ruhusa, dirishani, karani alimpa karatasi akatia dole gumba. "Ndiyo hiyo?" aliuliza. Ile ilikuwa karatasi ya kutolea vyombo vya mgonjwa. Nilijua. Nikasema, "Huenda ndiyo, mama." Akalitazama dole gumba lake kwa muda, akanishukuru.

Elieza alipona, taratibu, kabla ya Krismasi. Yeremia alimchomelea bomba la chuma juu ya kitanda na kamba mbili, naye Elieza akajifunza kujivuta na kujigeuza mwenyewe, kiuno na vyote. Akapata kiti cha magurudumu ambacho kaka yake alikibadilisha magurudumu ili kipite mchangani. Mimi nikaenda Dar es Salaam. Nimefanya kazi ya utafiti maisha yangu yote, na kila ninapofundisha vijana namna ya kuuliza maswali majumbani huwapa mfano wa ukuta uliogongwa. Wanaupenda. Wanaandika. Mimi husema "mlezi mmoja", na husema "hakuweza", kwa sababu neno "alikataa" lilianza kunishinda kutamka miaka ile ile. Lakini sijawahi kuwaambia ni nani aliyeandika jina. Elieza aliishi miaka mingi kuliko alivyotabiriwa na yeyote wodini, akalea watoto wawili, akauza miche ya zabibu kutoka kwenye kiti chake. Kila mwaka mpya alinipigia kunitania kuhusu Dodoma na Kondoa. Mama Foibe alipofariki nilituma rambirambi na maelezo marefu kuhusu safari.

Msibani Makutupora walikuwa wametandaza turubai mbele ya nyumba. Nilisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikahama, nikahama tena. Yeremia, mvi tupu sasa, alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Aliusoma vizuri, mpaka alipofika mwaka ule. Akasoma kwamba marehemu alinusurika kifo kwa kidonda kikubwa, baada ya marehemu mama mkwe wake kukubali hospitalini kumhudumia kisha kukataa kwa sababu ya mila. Hakusoma kwa chuki. Alisoma kama mtu anayetaja mwaka wa kubatizwa. Watu walitikisa vichwa kidogo, maana walikwisha kuisikia. Esta alikuwa mkekani mlangoni, amejifunika kanga, na hakuinua uso.

Nilisimama. Hakuna aliyeniita, na mchungaji alinitazama akidhani nimezidiwa na jua. Nikasema jina langu na kazi niliyoifanya mwaka ule. "Mama Foibe hakukataa," nilisema. "Hakukataa kwa sababu hakuulizwa. Alikuwa nje ya wodi na mimi nilikuwa ndani, nikaandika jina lake bila kwenda kumuuliza, nikaandika kwamba amekubali. Aliponiuliza, nikamdanganya. Yeye aligonga ukuta kila saa mbili kwa sababu hilo ndilo aliloombwa." Yeremia alikunja karatasi yake, akaikunjua, akasema, "Asante, dada," na kuendelea kusoma pale alipoishia. Nilikaa. Kwa mara ya kwanza sikuhama kiti.

Baada ya maziko niliingia ndani kumpa Esta pole. Wanawake waliokuwa naye walisogea. Nilipiga magoti, nikaanza kuomba msamaha, akaniwekea mkono begani kunizuia, kwa upole, kama alivyokuwa akimzuia Elieza asianguke kitandani. Alinitazama. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mama alikuwa ananiuliza, dada Loyce," alisema. "Miaka yote. Hata wiki ile ya mwisho, amelala hapo. 'Esta, hivi mimi nilikubali lini? Mbona sikumbuki?' Na mimi kila mara nilikuwa namjibu: ulikubali, mama. Umesahau tu."